Kiboksi Alichotuletea Wifi

Wifi yangu alikuja na kile kiboksi Jumamosi moja, mwezi wa tano tangu tumzike kaka yake. Alishuka na basi la asubuhi kutoka Mbeya, akapitia mlango wa uani kama mtu wa nyumbani, akanikuta nimeinama kwenye beseni nafua mashuka. Tukasalimiana. Akanitazama usoni kwa muda, kama watu wote walivyokuwa wakinitazama siku zile, akitafuta kitu. Hakukiona. Akafungua mkoba akatoa kiboksi cheusi, bapa, cha kuenea kiganjani, pamoja na rimoti ndogo na waya mnene uliofungwa kwa kamba ya plastiki.

"Hiki ni cha baba," akasema. "Ukikichomeka kwenye ile runinga yenu ya flati inakuwa smati. Aangalie kwaya, aangalie mahubiri, aangalie anachotaka. Hawezi kukaa anautazama ukuta kutwa nzima."

Nikasema sawa. Miezi ile nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, sekondari. Alianguka ofisini kwa walimu saa tano asubuhi, madaftari ya kidato cha pili yakiwa mbele yake. Mimi ni muuguzi, na siku hiyo nilikuwa zamu, wodi ya wazazi, katika hospitali hiyohiyo walikomkimbiza. Mwenzangu alikuja akasimama mlangoni akiningoja. Nikamalizia kwanza kuandika uzito wa mtoto aliyekuwa kwenye mizani, kilo tatu na gramu mia mbili, nikamrudisha kwa mama yake, nikanawa mikono, ndipo nikamfuata. Uzito ule naukumbuka mpaka leo. Maneno ya daktari siyakumbuki.

Sikulia hospitalini, wala sikulia kijijini kwao Kinyala tulipomzika. Shangazi yake mmoja alinivuta pembeni akaniambia nijitahidi kidogo, watu wanaangalia. Nikajitahidi. Machozi hayakutoka. Binti yetu alilia kwa niaba yetu wote wawili, kisha akarudi shuleni bweni, na mimi nikarudi Bulyaga kwenye nyumba yetu na kuanza kwenda kazini.

Mwezi wa pili baada ya msiba baba mkwe akaja kukaa nami. Alikuwa na kidonda cha mguu kilichogoma kupona kwa sababu ya sukari, na daktari alitaka kisafishwe kila baada ya siku moja. Kutoka Kinyala kila mara isingewezekana. Watoto wengine wako mbali, huyo wifi amepanga chumba kimoja Mbeya, kwa hiyo akaletwa kwangu na begi lake, blanketi, na mkungu wa ndizi.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mimi natoka Singida, nilipangiwa kazi Rungwe nikiwa msichana. Nilipoolewa nilielezwa kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Siku hizi watu wengi wameacha, hasa mjini. Mzee huyu hakuwa ameacha. Hakuwa mkali wala hakunilaumu kwa lolote. Ndivyo alivyolelewa tu, na heshima yake kwangu ilikuwa humo. Mume wangu alipokuwa hai halikutusumbua, maana tulikwenda Kinyala Krismasi na kwenye misiba, na huko nyumba ni kubwa na watu ni wengi. Sasa tulikuwa wawili chini ya paa moja.

Tukapanga bila kukaa chini kupanga. Sebule na chumba cha mbele vikawa vyake. Jiko, ua na chumba cha nyuma vikawa vyangu. Katikati kuna ukumbi mwembamba, na kwenye mlango wa sebule kuna pazia la kijani. Akitaka kutoka alikohoa mara mbili, nami nikajibanza jikoni. Chakula nilikiweka kwenye kigoda kando ya pazia, nikabisha hodi, nikaondoka. Kila siku ya matibabu bodaboda alikuja kumchukua, akaenda hospitali, wenzangu wakamsafisha kidonda, kisha akarudishwa kwenye nyumba anamoishi muuguzi ambaye amefunga vidonda visivyo na idadi. Hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu. Hata mimi sikuliona.

Basi Jumamosi ile wifi akaingia sebuleni kwa baba yake na kiboksi, mimi nikabaki ukumbini, nyuma ya pazia, na kikapu cha vibanio vya nguo mkononi. Nilimsikia akiburuta meza. Runinga yetu ilikuwa flati ya kawaida, tuliinunua zamani, na kisimbuzi kilikuwa kimekatika tangu msiba kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukilipia. Nikamsikia akipapasa nyuma ya runinga kutafuta tundu.

"Wifi! Hapa panataka intaneti. Nipe simu yako niwashe hotspoti."

Simu niliyokuwa natumia ilikuwa ya mume wangu. Yangu ilivunjika kioo siku za msiba na sikuona haraka ya kuitengeneza. Nikaipitisha chini ya pazia. Akaendelea kubonyeza, akisoma kwa sauti kila kinachotokea, kama mtu anayejaza fomu: lugha, nchi, mtandao.

"Kinauliza kitumie akaunti iliyomo kwenye simu?"

"Tumia," nikasema.

"Haya, kinaingia... kimeingia. Tata, tazama, hii ndiyo smati."

Tata ni baba kwa Kinyakyusa. Wifi alinieleza baadaye alichokiona: juu pembeni mwa kioo kulikuwa na duara na ndani yake herufi ya kwanza ya jina la kaka yake. Aliiona, lakini mkono ulikuwa umeshatangulia. Alikuwa ameingia kwenye ule mtandao wa video, na palipoandikwa "Video zako" akabonyeza akidhani ni za yeyote anayeangalia.

"Habari zenu wanafunzi. Karibuni tena. Leo tunaendelea na milinganyo."

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Ilijaa nyumba nzima, maana spika za runinga zilikuwa zimeachwa juu. Wifi akapiga ukelele. Mimi nilikuwa nimeshika kibanio kimoja cha njano. Nilikiangalia. Chemchemi yake ilikuwa na kutu. Nilijipima mshipa wa mkono, kwa mazoea ya kazi, na ulikuwa wa kawaida kabisa.

"Ngoja nizime, Tata, samahani, sijui nimebonyeza nini..."

"Mwache," mzee akasema.

"Tata..."

"Nimesema mwache. Mwache aseme."

Wifi akatoka mbio akinipita ukumbini, akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni na kulia, kichwa amekifunika kwa khanga. Nikaenda kuanika mashuka. Kutoka kwenye kamba niliisikia sauti ile ikieleza kwa utaratibu, ikirudia, ikiuliza "Tuko pamoja?" na kunyamaza kidogo kama inavyonyamaza kumpa mtoto nafasi ya kujibu.

Masomo yale nilikuwa nimeyasahau. Aliyarekodi miezi ile shule zilipofungwa kwa ajili ya corona. Alikosa raha nyumbani. Akapaka plaiwudi rangi nyeusi, akaiegemeza ukutani sebuleni, akaiweka simu juu ya mtungi wa maji na kujirekodi. Mimi nilikuwa naenda kazini na barakoa na narudi nimechoka, sikuwa na muda wa kumtazama. Nilijua anafundisha kwenye simu, basi. Yalikuwa masomo kumi na moja. Shule zilipofunguliwa, plaiwudi tulifunikia banda la kuku.

Wifi aliondoka jioni ile. Aliniambia nifute video zile kama zinaniumiza. Nikamwambia haziniumizi, na ulikuwa ukweli.

Jumatatu asubuhi, nikiwa najiandaa kwenda kazini, mzee akakohoa mara moja. Mara moja haikuwa ishara ya kutoka. Nikasogea kwenye pazia.

"Mkamwana."

Ndivyo alivyoniita siku zote, mkamwana, mke wa mwana.

"Naam, baba."

"Luninga imenikataa. Nimeiambia iniletee mwalimu, imeniletea mtu anafuga kuku."

Rimoti ilikuwa na kitufe cha kusemea. Wifi alikuwa amemwonyesha: bonyeza, sema unachotaka. Kumbe kutwa ya Jumapili, nilipokuwa zamu na simu nimeiacha kwenye kigoda kwa ajili ya hotspoti, kama nilivyofanya siku zote tangu hapo, alikuwa akiibembeleza. Alisema "mwanangu", ikamletea nyimbo za harusi. Alisema "hesabu", kwa lile tamko la Kinyakyusa, ikamletea watu wanagombania mpira.

"Nifanyeje, baba? Mimi siwezi kuingia."

Akafikiri. Nikasikia kiti kinalia, kisha rimoti ikatokea chini ya pazia, imesukumwa na fimbo yake. Nikaiokota. Nikapitisha mkono pembeni ya pazia, mkono tu mpaka kwenye kiwiko, nikaielekeza rimoti upande wa runinga, na yeye akawa ananiongoza.

"Shuka. Shuka tena. Umempita. Rudi juu. Hapohapo."

Nikabonyeza. "Habari zenu wanafunzi," sauti ikasema. Nikaurudisha mkono, nikaenda kazini.

Ikawa ndiyo ratiba yetu. Asubuhi baada ya chai ya maziwa, somo moja. Jioni nikirudi, somo lingine au lilelile. Mkono wangu peke yake ndio uliokuwa unaingia sebuleni. Mimi nilikuwa napika na kusikiliza bila kusikiliza. Katika somo la nne kuna mahali sauti ya mwanamke inasikika kutoka mbali ikisema, "Chai inapoa huku!" na mwalimu anacheka kidogo, anasema, "Samahani wanafunzi," na kuendelea. Mara ya kwanza nilitazama mlangoni kuona nani ameingia. Ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa nyepesi kuliko niliyo nayo sasa. Nikaendelea kumenya ndizi.

Mzee aliishia darasa la nne. Maisha yake yalikuwa chai na ndizi na ng'ombe watatu. Nilidhani anamtazama mwanawe tu, kama mtu anavyotazama picha. Lakini wiki ya pili akakohoa mara moja.

"Huyu ekisi ni nani?"

"Ni namba isiyojulikana, baba."

"Haijulikani na nani?"

"Na anayeifanya hesabu."

"Lakini mwalimu anaijua."

"Anaijua."

"Basi kwa nini asiwaambie?"

Hesabu mimi nilifeli. Nimepita kwenye uuguzi kwa biolojia. Akarudia somo lile siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilimsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Anasema ni mizani," akaniambia. "Ukitoa huku utoe na huku, zisipinde. Hiyo mizani ya sahani mbili ni ya duka la Ikuti. Nilikuwa napeleka maharage, naye ananifuata mdogo hivi, anasimama kutazama sahani zinavyocheza, mpaka namsahau pale. Ametoa pale hiyo."

Kisha akaomba daftari. Nikampa la binti yangu lililobaki na kurasa tupu. Kesho yake daftari likaja chini ya pazia kwa njia ya fimbo, na hesabu nne zilizoandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwenye kibao.

"Sahihisha."

Nilikwenda chumbani kutafuta peni nyekundu. Palikuwa na begi la kazi la mume wangu, lile walilolileta kutoka ofisini, nami sikuwa nimelifungua. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na peni mbili, leso iliyokunjwa, na ganda la parachichi lililokauka, maana alizoea kula huku anasahihisha. Nikachukua peni moja na kulifunga begi. Nilikaa jikoni nikalinganisha majibu ya mzee na yale ya kwenye video, mstari kwa mstari. Alipata tatu. Nikaweka vema tatu na kosa moja, nikamrudishia.

"Hii nimekosea wapi?"

"Umetoa huku, huku hukutoa."

"Ahaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anashuku hivyo hivyo.

Watu wa hospitali waliniambia ninaonekana nafuu. Sijui walichokiona. Nilikuwa nakula kwa sababu chakula kimeiva, nalala kwa sababu ni usiku. Nilipomsikia mume wangu akiongea sebuleni, kuna nyakati nilimjibu kimoyomoyo, sio kwa huzuni, kwa mazoea tu, kama zamani alipokuwa anaongea peke yake na mimi nina mambo yangu.

Kisha mvua ikaja ile ya siku tatu bila kukata. Kalvati la chini ya kwetu likabebwa na maji, bodaboda wakakataa kushuka, na mimi mwenyewe nilikwenda kazini kwa kuzungukia kwenye migomba ya watu, viatu mkononi. Siku ya matibabu ikapita, na inayofuata ikafika, mzee hajaenda. Mchana wa siku ile nilikuwa sina zamu. Nikaenda kuweka chakula kwenye kigoda, nikasimama. Harufu ilikuwa inatoka kwenye pazia. Harufu ile naijua hata nikiwa usingizini.

"Baba," nikasema. "Kidonda kinanuka."

Runinga ilikuwa inazungumza. Ajabu, mvua yote ile umeme haukukatika. Nikasubiri.

"Hata mimi naisikia," akasema.

"Kikikaa hivyo utapoteza kidole. Labda mguu."

Nikamsikia akiuburuta mguu sakafuni.

"Mkamwana hawezi kuingia humu."

"Ndiyo, baba."

Mwalimu akauliza, "Tuko pamoja?" akanyamaza kidogo, akaendelea.

"Lakini muuguzi anaweza," mzee akasema. "Niitie muuguzi."

Nilisimama pale mpaka nikaelewa. Nikaenda chumbani, nikavua khanga, nikavaa gauni jeupe la kazi, nikafunga mkanda, nikabandika saa kifuani, nikavaa soksi na viatu. Nikabana nywele kama ninavyozibana nikienda wodini. Nilikuwa na chachi, bandeji, glovu na maji ya chumvi ndani, nikavipanga kwenye sinia. Nikalipita pazia.

"Habari za leo, mzee?"

"Nzuri, nesi. Poleni na kazi."

Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyodhani. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu, macho ameyaelekeza kwenye runinga, na hakuyaondoa hapo. Mimi nikapiga magoti na kuutazama mguu. Nikafungua bandeji iliyolowa. Kidonda kilikuwa kibaya lakini hakikuwa kimefika kwenye mfupa. Nikasafisha, nikatoa nyama iliyokufa, nikasafisha tena. Nilijua anaumia, kwa kuwa vidole vilikuwa vinajikunja. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimelala juu ya mwenzake, kama cha mume wangu. Nilikiona na nikaendelea kufunga.

"Nitakuja tena kesho kutwa, mzee."

"Asante, nesi. Mungu akubariki."

Nikatoka, nikavua gauni, nikavaa khanga. Dakika chache baadaye akakohoa mara moja.

"Mkamwana. Chakula kimepoa."

"Nakipasha, baba."

Jikoni nilipowasha jiko, njiti ya kwanza ya kiberiti ilizimika, na ya pili, na ya tatu. Ya nne ndiyo iliyoshika.

Tangu hapo nilikuwa namsafisha mwenyewe, kwa gauni jeupe kila mara, hata baada ya kalvati kujengwa. Hatukulizungumza. Kidonda kikaanza kufunga kutoka pembeni.

Masomo yakaisha pia. La kumi na moja lina hesabu ndefu ya mwisho, ya mafumbo: mkulima ana shamba la mstatili, urefu unazidi upana, anataka kujua vipimo. Mwalimu anaiandika yote ubaoni, anachora shamba, anaitazama saa yake. "Kwa leo muda umetutupa mkono. Hii tutaimalizia kipindi kijacho." Anainama kuzima simu, uso wake unajaa kioo, halafu basi.

"Nipe ya kumi na mbili," mzee akasema.

"Haipo, baba. Shule zilifunguliwa."

"Hakuimalizia?"

"Nadhani aliwamalizia darasani."

Nikamsikia akifungua daftari, kisha akilifunga.

"Na yale maandishi ya chini ni ya nani?"

Nikapitisha mkono, nikashuka mpaka kwenye maoni, lakini macho yake hayakuwa yanafika pale. Nikamsomea kutoka kwenye simu, nimekaa ukumbini, mgongo umeegemea ukuta. Hayakuwa mengi. Wengi walishukuru. Mmoja alisema mwalimu anaongea polepole, ndiyo maana anamwelewa. Na chini ya somo la kumi na moja, watu watatu kwa nyakati tofauti waliuliza kitu kimoja: mwalimu, mwendelezo lini? Wa mwisho alikuwa ameandika wiki mbili tu zilizopita.

"Mjibu," mzee akasema.

"Nimjibu nini?"

"Ukweli. Si vizuri watu wakae wanangoja."

Nikaandika: Mwalimu alifariki, hakutakuwa na mwendelezo. Nikatuma. Jibu likatokea na jina lake na ile herufi yake ndani ya duara, yaani yeye mwenyewe anawatangazia wanafunzi kwamba amekufa. Nikalitazama. Nikaongeza mstari: Ninayeandika ni mke wake. Katika miezi yote ile nilikuwa nimewaachia wengine kulisema. Shule walitangaza wao, kanisani akatangaza mchungaji, binti aliambiwa na shangazi. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliweka neno lile mahali, na niliandika kwa kidole gumba, nimekaa sakafuni, sakafu ni ya baridi.

Majibu yakaja kidogo kidogo wiki ile. Pole mama. Pole sana. Mmoja aliandika maelezo marefu, kwamba wakati ule alikuwa anachunga ng'ombe upande wa Chunya, simu ilikuwa ya kaka yake, na alikuwa akipanda kwenye kichuguu kupata mtandao. Mwalimu hakuwahi kumjua, lakini yeye hesabu alipata B. Mwingine aliuliza kama ile sauti ya chai ilikuwa yangu. Nikamjibu ndiyo. Yote nilimsomea mzee kwa sauti ileile ninayosomea faili za wagonjwa asubuhi tunapokabidhiana zamu. Kwa yule wa kichuguu, aliniomba nirudie.

Kidonda kilifunga mwezi uliofuata. Daktari akamwangalia, akamruhusu arudi kwake, na wifi akaja kumchukua. Aliuliza kama tukifunge kiboksi aende nacho. Mzee akasema kule kwake bondeni mtandao haukamatiki, na runinga hana, na isitoshe amekwisha kumwona mwanawe. Aliomba daftari tu.

Nilikuwa jikoni walipotoa mizigo. Alikohoa mara mbili, nikajibanza nyuma ya mlango kama kawaida. Lakini nyayo hazikupita. Zilisimama uani, upande wa pili wa ukuta.

"Mkamwana. Ndaga fijo."

Ni asante sana, na pia ni pole.

"Ndaga, baba. Safari njema."

"Nilitaka tu kujua lile shamba. Upana wake ni ngapi."

"Sijui, baba. Mimi hesabu nilifeli."

"Haya," akasema, na wakaondoka.

Wiki nzima sebule ilikaa wazi na sikuingia, ila kufagia. Jumapili nilikuwa sina zamu. Nilitoka kanisani, nikapasha kande, nikachukua sahani yangu na kulipita pazia, nikakaa kwenye kochi la pembeni. Nikawasha. Rimoti ilikuwa nyepesi, chapa za vitufe zimeanza kufutika. Nikayapita masomo yale, nikashuka, nikashuka tena, nikasimama kwenye kitu nisichokijua. Alikuwa mtu mmoja katika nchi sijui gani anatengeneza viatu. Hakuwa anasema chochote. Alibandua soli ya zamani, akakwangua gundi, akakata ngozi mpya, akashona kwa sindano mbili, moja huku na moja kule. Kilipoisha kiatu kimoja kikaja kingine. Sikuwa nafikiria kitu. Kande ikapoa kwenye mapaja yangu, nikaila hivyohivyo, na niliona kwamba ina chumvi ya kutosha. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye uzio. Karibu saa kumi umeme ukakatika, kioo kikawa cheusi, nami nikainuka kwenda kuanua nguo.